Hedifoni za sikioni: Namna ya kupima mkao na ubora wa sauti

Kabla ya kuilaumu hedifoni kwamba sauti yake ni mbovu, itazame kwanza ilivyokaa sikioni. Wanunuzi wengi hulisahau jambo hilo, ilhali ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Hedifoni ndogo za kutia ndani ya sikio, ambazo wengi huziita iafoni, zimekuwa mlango wa kila siku wa habari, muziki, mawaidha na simu za jamaa walio mbali. Mtu aliye Muscat, London au Minneapolis huisikia sauti ya nyumbani kupitia vitu viwili vidogo visivyoizidi korosho kwa ukubwa.

Nami nimewahi kuponzwa navyo. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri matangazo ya redio, mbali na nchi niliyozaliwa. Usiku mmoja nilimrudishia mwandishi wetu aliyekuwa huko nyumbani ripoti yake, nikimwambia kuwa sauti ni nyembamba mno, arekodi upya.

Alirekodi upya, katika mazingira yaliyokuwa ya hatari kwake, na sauti ikaja vile vile. Asubuhi nikagundua kuwa kimpira cha hedifoni yangu ya kushoto kilikuwa kimelegea. Ripoti ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa sikioni mwangu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka kosa hilo: jinsi ya kujua kama hedifoni imekaa sawasawa, jinsi ya kupima sauti yake bila kudanganyika, na jinsi ya kuyalinda masikio yenyewe.

Sikio na hedifoni

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa takriban sentimita 2.5 na upana wa takriban milimita 7. Si bomba lililonyooka. Hupinda mfano wa herufi S, tundu lake si duara kamili, na sikio la kulia la mtu mmoja huweza kutofautiana na lake la kushoto.

Ndani ya kila hedifoni mna spika ndogo. Aina ya kwanza hutumia koili ya waya, sumaku na utando, kama spika ya redio iliyopunguzwa ukubwa. Aina ya pili hutumia kijiti chembamba cha chuma kinachotikiswa katikati ya sumaku, ufundi uliokwisha kutumika zamani katika vifaa vya kuwasaidia watu wenye uziwi. Baadhi ya hedifoni huchanganya aina zote mbili.

Mwaka 1991 kampuni ya Etymotic Research ya jimbo la Illinois, Marekani, iliyoanzishwa na Mead Killion mwaka 1983, ilitoa hedifoni ya ER-4, mojawapo ya za mwanzo za kuziba sikio zilizokusudiwa wapenzi wa muziki. Mwaka 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen hedifoni za kuvaa jukwaani, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears.

Ni vyema kutofautisha hedifoni za namna hiyo na zile zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba, kama zile nyeupe zilizouzwa pamoja na iPod kuanzia mwaka 2001. Maelezo ya mkao yanayofuata yanahusu zaidi zile zenye vimpira, ambazo huingia na kuziba.

Kwa nini kuziba ni muhimu

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Sauti nzito, yaani besi, zinahitaji hewa isukumwe kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko sauti nyembamba. Spika ya hedifoni ni ndogo mno kuweza kuisukuma hewa ya chumba kizima.

Inachoweza kufanya ni kuisukuma hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikiwa imefungiwa kweli, besi husikika kwa ukamilifu hata katika hedifoni ya bei nafuu.

Pakiwapo mwanya, hata mdogo kama unywele kadhaa, hewa hupenya na besi hutoroka nayo. Ni sawa na kujaza maji mtungi uliotoboka. Sauti nyembamba hubaki, nazo zikibaki peke yake husikika kali na zenye kuchoma.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Msikilizaji huona sauti haitoshi, akaiongeza. Besi hairudi, kwa sababu mwanya bado upo, lakini sauti nyembamba huingia kwa nguvu zaidi. Kadhalika kelele za barabarani hupita katika mwanya ule ule, naye huongeza tena ili azishinde. Mkao mbaya, ambao ulionekana kuwa jambo la starehe tu, huwa chanzo cha madhara.

Hatua saba za kupima mkao

Kwanza, tambua pande. Herufi L ni ya sikio la kushoto na R ni ya kulia. Hedifoni nyingi zimechongwa kufuata upande wake, na ukizibadilisha hazikai.

Pili, chagua kimpira. Hedifoni nyingi huuzwa pamoja na vimpira vya ukubwa wa namna tatu. Anza na cha kati, kisha jaribu kikubwa na kidogo. Watu wengi hutumia kidogo kuliko inavyostahili, wakiamini kuwa kinachoingia kwa urahisi ndicho kinachofaa. Si ajabu sikio moja likahitaji kikubwa na la pili cha kati.

Tatu, ingiza kwa utaratibu. Pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio la nje juu na nyuma polepole ili mfereji unyooke, ingiza hedifoni kwa kuizungusha kidogo, kisha liachie sikio. Kimpira cha sponji hufinywa kwanza kwa vidole, huingizwa, na hushikiliwa kwa muda wa nusu dakika hivi hadi kivimbe.

Nne, vuma. Kabla ya kuwasha muziki, fumba mdomo na utoe sauti ya 'mmm'. Masikio yakiwa yamezibwa, utaisikia sauti yako ikiwa nzito, kana kwamba inatoka ndani ya kichwa. Ikiwa uzito huo uko upande mmoja tu, upande wa pili una mwanya.

Tano, bonyeza. Washa muziki wenye besi kwa sauti ya wastani, kisha bonyeza kila hedifoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla unapobonyeza na kupungua unapoachia, kimpira hakijaziba. Badilisha ukubwa, usibadilishe hedifoni.

Sita, tafuna. Taya linapocheza, umbo la mfereji wa sikio hubadilika. Tabasamu, piga miayo, zungumza, tembea hatua ishirini. Mkao mzuri huvumilia hayo yote. Ukisikia waya ukikwaruza unapotembea, upitishe juu ya sikio na nyuma yake, kelele itapungua sana.

Saba, ngoja. Hedifoni isiyoumiza kwa dakika tano huweza kuumiza baada ya nusu saa. Maumivu si jambo la kuzoea. Ni ishara kwamba kimpira ni kikubwa mno, au umbo la hedifoni halilingani na sikio lako. Vimpira vya sponji huziba vizuri zaidi katika masikio ya wengi, lakini huchakaa upesi na si rahisi kuvisafisha. Vya silikoni hudumu na huoshwa.

Unapoitoa, usiivute kwa nguvu wala kwa kushika waya. Izungushe kwanza ili hewa iingie, kwa kuwa kuivuta ghafla hulitaabisha sikio.

Kupima sauti bila kudanganyika

Mkao ukishathibitika, ndipo sauti ihukumiwe. Adui wa kwanza wa hukumu ya haki ni ukubwa wa sauti. Kati ya hedifoni mbili, ile inayopiga kwa nguvu zaidi, hata kwa tofauti ndogo, husikika kuwa bora. Wauzaji wengi wanalijua hilo.

Aidha, sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Watafiti wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, besi hupotea masikioni kabla ya sauti za kati. Ukiongeza sauti, besi hurudi. Kwa hiyo unapolinganisha hedifoni mbili, zisawazishe kwanza, kwa kutumia sauti ya mtu anayezungumza, mpaka zote mbili zisikike kwa nguvu sawa.

Kipimo bora cha mwanzo si muziki bali ni sauti ya binadamu, kwa kuwa hakuna kitu tunachokifahamu zaidi ya hiyo. Msikilize msomaji wa habari unayemzoea. Je, ni yeye? Kama anasikika anazungumza ndani ya pipa, sauti za kati za chini zimezidi. Kama anasikika kupitia puani, au kama mtu aliye kwenye simu ya zamani, sauti nzito zimepungua.

Sikiliza pia mahali alipo. Matangazo mengi ya habari huweka sauti ya msomaji katikati. Basi unapaswa kumsikia katikati ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, ama mkao haulingani, ama tundu la hedifoni moja limezibwa na uchafu wa sikio.

Kisha sikiliza konsonanti. Kiswahili kinatupatia vipimo vizuri: saka na shaka, faa na vaa, samani na thamani. Tofauti ya maneno kama haya hubebwa kwa sehemu kubwa na sauti nyembamba na hafifu. Hedifoni njema huitenganisha kila jozi bila jitihada. Mbovu kwa upungufu huyachanganya. Mbovu kwa ukali huifanya kila 's' ilie kama mluzi.

Baada ya hapo ndipo muziki uingie. Chagua nyimbo tatu au nne unazozijua kwa moyo, usizibadilishe. Taarabu yenye kundi kamili ni mtihani mzuri: kanuni, udi, fidla, akodiani na besi kubwa hupiga kwa pamoja, na msikilizaji anapaswa kuweza kukifuata chombo kimoja bila kuvipoteza vingine. Dansi la Kongo, kama la TPOK Jazz yake Franco, lina magitaa yanayosukana. Yakisikika kama gitaa moja lenye vurugu, hedifoni haitenganishi.

Besi nayo ihukumiwe kwa umbo, si kwa wingi. Noti za gitaa la besi zinapaswa kupanda na kushuka, kila moja ikiwa na mwanzo na mwisho wake. Besi inayovuma kwa noti moja kila wakati hufurahisha dukani, lakini huchosha nyumbani.

Mwisho, ipe muda. Usihukumu katika dakika mbili za kwanza, kwa maana sikio huzoea. Tumia hedifoni kwa siku kadhaa, kisha rudi kwenye ile ya zamani. Mshtuko wa kurudi hufundisha zaidi kuliko furaha ya kwanza.

Umri pia una sehemu yake. Kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000, lakini kiwango cha juu hushuka kadiri miaka inavyopita. Mimi niliye katika miaka ya hamsini sisikii sauti nyembamba anazozisikia binti yangu. Hedifoni inayomchoma yeye huweza kunipendeza mimi, na sote wawili tukawa tumesema kweli.

Kosa la chanzo

Si kila sauti mbovu ni kosa la hedifoni. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, kwa mitambo ya wakati ule. Hakuna hedifoni itakayoongeza kilichokuwa hakikunaswa. Hedifoni iliyo wazi zaidi itakuonyesha tu mikwaruzo yake kwa uwazi zaidi.

Simu za kawaida za zamani zilipitisha sauti za kati ya hezi 300 na hezi 3,400 tu. Ndiyo maana mama aliyekupigia simu kutoka kijijini alisikika mwembamba kuliko alivyo.

Kwa watumiaji wa hedifoni zisizo na waya kuna jambo jingine. Nyingi za Bluetooth hupunguza ubora wa sauti pindi maikrofoni yake inapoanza kutumika. Muziki uliokuwa mzuri huweza kuharibika ghafla simu inapoingia, na hilo si dalili ya ubovu. Ukitaka kupima, pima kwa kusikiliza tu.

Bei na maandishi ya boksi

Takriban kila boksi huandikwa kwamba hedifoni hutoa sauti kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Maandishi hayo peke yake hayaelezi mengi, kwa kuwa hayasemi kila sauti hutolewa kwa nguvu kiasi gani ikilinganishwa na nyingine.

Bei nayo si hakimu. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina mbalimbali, na hakuona uhusiano kati ya bei na namna zinavyosawazisha sauti nzito na nyembamba. Bei hununua mambo mengine, kama uimara, utando wa kisasa, betri, au jina la kampuni.

Hedifoni zenye uwezo wa kuzima kelele kwa umeme hustahili neno la ziada. Hufanya kazi vizuri zaidi kwa mvumo mzito usiobadilika, kama injini ya ndege au ya basi. Kelele nyembamba, kama za watu wanaozungumza, huzuiwa zaidi na kimpira chenyewe. Kwa hiyo hata teknolojia hiyo ya gharama hurudi kwenye swali la kwanza: je, imeziba?

Masikio hayana vipuri

Ndani kabisa ya kila sikio mna takriban seli elfu 15 zenye vinywele, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe kwa ubongo. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, yalitoa mwaka 2018 kiwango cha usikilizaji salama. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo.

Kila zinapoongezwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20 kwa juma. Kwa desibeli 86 ni saa 10. Kwa desibeli 100, kiwango ambacho simu na hedifoni nyingi hukifikia, muda hushuka hadi takriban dakika 20 kwa juma zima.

Kwa kuwa wengi hawana chombo cha kupimia, WHO hushauri sauti isipite asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Zipo dalili nyingine zilizo wazi. Ukisikia masikio yakivuma au kulia baada ya kuvua hedifoni, umezidisha. Mvumo huo usipoisha, au usikivu ukishuka, mwone daktari.

Usiingize hedifoni katika sikio linalouma au linalotoa usaha. Usichokoe sikio kwa njiti ya kiberiti wala kwa pini ya nywele. Husukuma uchafu ndani na huweza kutoboa ngoma ya sikio. Osha vimpira vya silikoni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha, na usivishirikishe na mtu mwingine bila kuvisafisha.

Barabarani, kumbuka kuwa kimpira kinachoziba vizuri huzuia pia honi ya pikipiki. Unapovuka, toa walau hedifoni moja.

Sikio la kufa, walisema wahenga, halisikii dawa. Lakini masikio mengi yanayokufa leo hayafi kwa ukaidi. Hufa kwa sababu ya mwanya mdogo ambao mwenyewe hakuujua, akawa anaongeza sauti mwaka baada ya mwaka ili kuuziba.

Yule mwandishi wetu sikumficha. Nilimpigia simu asubuhi ile ile nikamwambia kosa lilikuwa langu, na ripoti yake ya kwanza ndiyo iliyotangazwa. Tangu siku hiyo, kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba sauti yake ni mbovu, huzibonyeza kwanza hedifoni zangu kwa vidole viwili, nikasikiliza tena.